Mtu wa Nyumbani

Tarishi wa mahakama alimkuta Kaanaeli akikamua, na hakusubiri amalize. Alisimama mlangoni pa zizi, mkono mmoja umeziba pua, mwingine umenyoosha karatasi.

"Mama, wewe ndiye mke wa Ephraimu Sumari?"

"Ndiyo."

"Umeshitakiwa. Weka dole gumba hapa."

Kaanaeli alijua kuandika jina lake. Alifundishwa darasa la watu wazima, na kila mwaka alilikumbushia kwa kuliandika kwenye jalada la kitabu chake cha nyimbo. Lakini kabla hajamaliza kufuta mikono kwenye kanga, tarishi alikwisha kumshika kidole, akakikandamiza kwenye pedi ya wino, kisha kwenye karatasi.

"Nani kanishitaki?"

"Mzee Philemoni. Anataka ng'ombe wake."

"Ng'ombe yupi?"

Tarishi alimwonyesha kwa kidevu. "Si huyo hapo?"

Huyo alikuwa Ruksa, ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe pajani, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu udogoni alikuwa akikata kamba na kwenda anakotaka, enzi zile neno ruksa lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kahawa ilipokufa bei na watu wa mlimani wakaanza kuing'oa, ni Ruksa aliyebaki kuwa zao la nyumba hii. Maziwa yake yalikwenda Arusha mjini kila asubuhi, na yaliporudi yalikuwa yamegeuka sabuni, dawa ya Ephraimu ya kifua, na ada ya Naipanoi, binti yao pekee aliyebaki nyumbani, ambaye alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa chuo. Ruksa akiondoka, Naipanoi naye harudi darasani.

Sasa huyo Philemoni. Zamani alikuwa meneja wa duka la ushirika pale kijijini, mtu wa kufunga na kufungua sukari apendavyo. Serikali ilipolegeza biashara, yeye alikuwa wa kwanza kuruka. Alihamia mjini, akafungua duka la bati na misumari, akajenga vyumba vya kupangisha Sombetini. Alipokuwa anahama alikuwa na mtamba mmoja, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, na hakuwa na pa kumweka. Akamwekesha kwa Kaanaeli. Kuwekesha ng'ombe ni jambo la kawaida huku. Mwenye ng'ombe anamleta, watu wanakunywa pombe kidogo, na mwekeshwaji anamlisha, anakunywa maziwa, anatumia samadi. Ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenye ng'ombe. Wa tatu ni wa aliyemtunza. Hakuna anayeandika, kwa sababu hakuna asiyejua.

Philemoni alimchukua ndama wa kwanza. Akamchukua na wa pili. Mama yao alipozeeka alimchukua pia, akamchinja kwenye harusi ya mwanawe. Ruksa alikuwa wa tatu, na kwa miaka yote hiyo Philemoni hakumuulizia hata afya. Ila kilipofunguliwa kiwanda binafsi cha maziwa mjini, na ng'ombe mwenye mimba, kama Ruksa sasa, akawa anauzwa kwa bei ya pikipiki, kumbukumbu zikamrudia.

*

Ephraimu alipoisoma ile samansi, hakukasirika kama mkewe alivyotegemea. Alikaribia kufurahi.

"Amejiletea mwenyewe," alisema. "Amesahau kwamba nyumba hii ina wakili."

Kaanaeli alimtazama Naipanoi, Naipanoi akatazama sufuria ya loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando.

Hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu baadaye Ephraimu alidai kwamba alidanganywa, na hakudanganywa. Siku binti alipopata nafasi kwenye chuo kile kipya cha binafsi, barabara ya Moshi, alimweleza baba yake kwa sauti na kwa Kiswahili safi: "Baba, nitasoma Sheria na Jamii." Ephraimu akasikia Sheria, akaondoka na hilo neno moja mpaka kanisani. Mchungaji akaombea wakili wetu. Kwaya ikamwimbia wakili wetu. Naipanoi alijaribu kumsahihisha mara mbili, na mara zote mbili baba alimwambia asijishushe.

"Baba," alisema sasa, "mimi sitakuwa wakili."

"Bado hujamaliza, najua. Lakini utasimama."

"Hata nikimaliza. Wakili anasoma shahada nyingine."

Ephraimu alicheka, akamwambia mkewe amwongezee chai. Mtu ambaye hataki kusikia huwa hana haja ya kuziba masikio.

*

Jumapili iliyofuata Philemoni alipanda mlimani na pikapu yake, na ndani ya pikapu alikuwemo wakili Ludovick, kijana wa Rombo mwenye ofisi mjini na tai ya rangi ya zambarau. Walisimama nje ya kanisa wakati watu wanatoka, mahali ambapo kila mtu angewaona. Philemoni na Ephraimu ni rika moja, walitahiriwa msimu mmoja, na watu wa rika moja hawashitakiani. Kwa hiyo watu walisogea wasikie watasalimiana vipi.

"Rika," alisema Philemoni, "nimekuja kwa wema. Nipe mnyama wangu tusifike mbali. Huyu hapa ni wakili wangu."

"Na mimi ninaye," alisema Ephraimu. "Naipanoi, sogea."

Naipanoi alisogea. Angeweza kukimbia, na baadaye alitamani angekimbia. Ludovick alimpa mkono kwa adabu zote.

"Hongera, mwanasheria mwenzangu. Unasoma wapi?"

Akamtajia chuo.

"Pale hawana shahada ya sheria. Wana ile ya... Sheria na Jamii?"

"Ndiyo."

"Ahaa." Ludovick alitabasamu, na sauti yake ikapanda kidogo ili iwafikie hata wale wa kwaya. "Basi hiyo si mbaya. Hiyo inakufundisha kwa nini watu wanashitakiana. Sisi tunafundishwa namna ya kushinda."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na mama mmoja wa kwaya alimuuliza jirani yake kwa sauti ambayo haikufichika, "Ina maana si wakili? Na ile harambee tuliyomchangia ilikuwa ya nini?" Philemoni alimpiga Ephraimu begani.

"Kwa hiyo mimi naleta wakili," alisema, "wewe unaleta jamii."

Ephraimu aliwapa mgongo. Alirudi nyumbani kwa njia ya mferejini, peke yake, na Biblia kwapani.

*

Chakula cha mchana hakikuliwa.

"Umenivua nguo," Ephraimu alimwambia binti yake. "Mbele ya rika langu."

"Nilikuambia, baba."

"Uliniambia wakati siwezi kuelewa. Mtu anauza maziwa miaka miwili kumsomesha mtoto jamii? Jamii si sisi hapa? Unakwenda kulipia kusoma kitu ambacho ukikaa hapo mlangoni unakiona bure?"

Naipanoi alikuwa na majibu mazuri ya swali hilo, aliyoyaandika kwenye mtihani na kusifiwa. Baba hakuyangoja.

"Kesho nakwenda kwa Philemoni," aliendelea Ephraimu. "Nitamwangukia. Achukue ng'ombe, yaishe. Siwezi kwenda mahakamani kuchekwa tena."

Hapo ndipo Kaanaeli alipotua kata ya maji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mengi ya hayo machache alikuwa akiyasema kwa Kimeru. Safari hii alisema kwa Kiswahili, pengine ili asikike vizuri.

"Karatasi imeandikwa jina la nani?"

"Lako, lakini..."

"Kidole cha nani?"

"Chako."

"Basi mimi sijamwangukia mtu. Hata kamba ya Ruksa simpi."

*

Jioni mama na binti walikata majani ya migomba ya kumlishia Ruksa. Kaanaeli aliuliza, bila kugeuka, "Wewe unasoma nini hasa?"

Naipanoi alifikiri. "Nasoma sheria inapofika kwa watu inakuwaje. Iliyoandikwa ni moja. Halafu watu wana za kwao, kama hii ya kuwekesha. Nasoma zinapokutana, ipi inashinda, na kwa nini mara nyingi anashinda mwenye duka."

"Kwa hiyo unatusoma sisi."

"Ndiyo, mama."

"Na umeona nini?"

Lilikuwa swali la kwanza la kweli ambalo mtu wa nyumbani kwao alimuuliza kuhusu masomo yake. Naipanoi akaweka panga chini. Alimweleza mama yake kwamba kesi hii iko mahakama ya mwanzo, na mahakama ya mwanzo wakili haruhusiwi kusimama, awe na tai awe hana. Ludovick atakaa kwenye benchi na watu wengine. Anayeweza kumsemea mtu kule, kwa kesi ya madai kama hii, ni ndugu yake au mtu wa nyumbani kwake.

"Kama wewe."

"Kama mimi. Lakini hakimu hanikubali hivihivi. Mwenye kesi lazima aombe. Uombe wewe, mama."

Kaanaeli aliendelea kukata. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutaja lita na kukataa mkopo. Karani wa mahakama alikwisha kukicheka siku walipokwenda kuuliza tarehe. Alimwambia, "Mama, rudia, umeongea Kimeru au Kichina?" na akamrudishia maneno yake kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi. Kaanaeli alitoka pale kwa hasira, bila kuaga.

"Nikikosea?"

"Ukikosea unarudia. Hakuna sheria inayokataza kurudia."

Tangu siku ile, kila alipokamua, alilisema lile ombi lake, maziwa yakipiga ndoo. Ephraimu alikuwa akilisikia akiwa ndani, akijifanya anasikiliza redio.

*

Siku ya kesi Ephraimu alisema haendi. Walipoingia ukumbini mwa mahakama walimkuta amekwisha kukaa benchi la nyuma kabisa, na kofia usoni. Benchi hilohilo, upande wa pili, alikaa Ludovick, mguu juu ya mguu.

Hakimu alikuwa kijana mtu wa Songea, aliyeletwa huku hajamaliza hata kuzoea baridi. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wa baraza wawili: mzee Eliya, mkulima, na mama Pudensiana, mwalimu mstaafu. Philemoni alisimama kwanza. Alieleza vizuri, na ilisikika kwamba amefundishwa.

"Mheshimiwa, huyu mama nilimwajiri kunitunzia mifugo. Ng'ombe na uzao wake wote ni mali yangu. Sasa ninasitisha ajira, namtaka ng'ombe wangu."

Mzee Eliya alikunja uso kwenye neno ajira, lakini hakusema kitu. Lilikuwa neno la Ludovick, na lilikuwa neno la akili. Mfanyakazi hana ndama wa tatu.

"Mdaiwa," hakimu alisema.

Kaanaeli alisimama. Karani, yuleyule, aliinua macho na kutabasamu mapema. Kaanaeli alikunja vidole kama anayekamua. Naipanoi aliuma ulimi asimsaidie.

"Mheshimiwa," alisema Kaanaeli. "Naomba mwanangu anisemee. Ni damu yangu. Anakula kwangu, analala kwangu. Sheria inakubali."

Hakimu alimgeukia Naipanoi. "Wewe ni wakili?"

Watu wa mlimani waliokuja kutazama walijipanga kucheka. Benchi la nyuma, Ephraimu alivuta kofia chini zaidi.

"Hapana, mheshimiwa. Ni mtu wa nyumbani."

"Ungekuwa wakili ningekutoa nje," alisema hakimu, akiandika. "Ombi limekubaliwa. Muulize mdai."

Kofia ya Ephraimu ilipanda kidogo.

Naipanoi alisimama mbele ya Philemoni, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Hapa hatuamkiani," alisema hakimu.

"Samahani, mheshimiwa. Huyu ni rika la baba yangu. Kwetu siwezi kumuuliza kitu kabla sijamwamkia."

Mama Pudensiana alitikisa kichwa kukubali, na watu wote wakamsubiri Philemoni. Hakuwa na njia. "Marahaba," alisema, na kwa kusema hivyo alikuwa amekwisha kushuka kutoka kwenye uajiri wake na kurudi kuwa mzee wa mlimani.

"Baba, umesema ulimwajiri mama yangu."

"Nilimwajiri."

"Mshahara wake ulikuwa kiasi gani?"

Philemoni alitazama benchi la nyuma.

"Mzee," alisema hakimu, "anayekuuliza yuko mbele yako. Huko nyuma hakuna jibu."

"Alikuwa anakunywa maziwa. Ndiyo mshahara."

"Ulipomleta yule mtamba alikuwa na maziwa?"

"Mtamba atakuwaje na maziwa? Alikuwa hajazaa."

"Kwa hiyo muda wote huo mpaka alipozaa, mama alilipwa nini?"

Philemoni alifikiri. "Samadi," alisema.

Mahakama nzima ilicheka, hata karani, na safari hii kicheko kilikwenda upande mwingine. Hakimu aligonga meza. Naipanoi hakucheka. Alifunga mikono nyuma.

"Mheshimiwa, mdai ana maneno mawili. Kama alimwajiri mama yangu, basi hajamlipa tangu siku ile, na leo tutaomba alipwe mishahara yake yote. Kama hakumwajiri, alimwekesha, na kuwekesha kuna desturi yake ambayo wazee wa baraza wanaijua. Tunaomba achague neno moja."

"Chagua," alisema hakimu.

Philemoni alisimama pale na kofia yake mkononi. Alikuwa mfanyabiashara, na midomo yake ilionekana ikipiga hesabu: mishahara ya miaka yote ile upande mmoja, ng'ombe mmoja upande wa pili. Benchi la nyuma Ludovick alikuwa ameshusha mguu, na shingo imesimama. Hakuruhusiwa hata kukohoa.

Ndipo mzee Eliya aliposema. "Philemoni, siku unampeleka yule mtamba, ulikwenda na nini mkononi?"

"Pombe, mzee."

"Umewahi kumpelekea pombe mtu unayemwajiri dukani kwako?"

Philemoni aliisokota kofia yake.

"Nilimwekesha," alisema Philemoni, chini kwa chini.

"Sema hakimu aandike."

"Nilimwekesha."

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Ndama wa kwanza alikwenda wapi? Kwangu. Wa pili? Kwangu. Naipanoi alipouliza kuhusu wa tatu, hakimu hakungoja jibu. Akanong'ona na wazee wa baraza, kisha hakimu akasoma: Ruksa na mimba yake ni mali ya Kaanaeli.

Karani alisukuma pedi ya wino mbele. "Mama, dole gumba hapa."

"Nipe kalamu," alisema Kaanaeli.

Aliandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akitoa ulimi nje kidogo. Karani alingoja mpaka mwisho.

*

Nje watu walimzunguka Ephraimu. Mama wa kwaya alikuwa wa kwanza kumshika mkono. "Baba Naipanoi, kumbe wakili wetu ameiva hivi?"

Ephraimu alivua kofia. Macho yalikuwa mekundu, na hakujali nani anayaona.

"Si wakili," alisema. "Wakili nilikaa naye kule nyuma, hakufungua mdomo. Huyu ni mtu wa nyumbani kwangu."

Naipanoi alisikia. Alijifanya anafunga kamba ya kiatu ili asilie mbele ya watu.

Ludovick aliwakuta hapohapo, tai imelegea. Alikuwa mtu mwerevu na hakuwa na haja ya kununa.

"Binti, umefanya kazi nzuri, nasema kweli. Lakini mzee anakata rufaa. Mahakama ya Wilaya mtu wa nyumbani hasimami. Kule ni sisi wenye leseni, na mimi ndiye nitakayesema."

Ilikuwa kweli, na Naipanoi alijua ni kweli. Philemoni, karibu na pikapu, alianza kutabasamu tena.

"Anasema nini?" Kaanaeli aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Anasema kule siwezi kukusemea, mama."

Kaanaeli alijifunga kanga upya kiunoni, akamsogelea Ludovick mpaka ikabidi arudi hatua.

"Na mimi mwenyewe? Naruhusiwa?"

"Wewe ni mwenye kesi, mama. Unaruhusiwa."

"Basi mwambie rika la mume wangu akate hiyo rufaa," alisema Kaanaeli. "Hapa nimeomba tu. Kusema bado sijaanza."

Akamwita mumewe na binti yake, wakaanza kupanda mlima, kwa sababu Ruksa alikuwa hajakamuliwa.